Shangazi, alimwandikia dada yangu, sasa anataka kuja kwetu

Mwezi huu najibu barua mbili tu. Ya pili ni ndefu na sikuwa na moyo wa kuikata, basi nianze na ile fupi.

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mchumba wangu tulikuwa marafiki miaka sita kabla hatujachumbiana. Wote tumekulia umoja wa vijana wa usharika. Kwao wanasema tumejuana vya kutosha, harusi iwe wiki mbili zijazo kwa sababu mjomba wake anarudi ughaibuni. Inawezekana? — Besi, Arusha*

Marahaba, baba. Wiki mbili hazitoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe si chini ya siku 21 kabla, na kanisani kwenu, kama kwetu, matangazo husomwa Jumapili tatu. Miaka sita ya urafiki haipunguzi hata Jumapili moja. Wala msizione hizo Jumapili kama usumbufu. Huyo binti umezoea kumwita kwa jina la utani. Siku mchungaji atakaposoma jina lake lote, la baba na la babu, likifuatana na lako, magoti yatalegea, na ni vizuri yalegee mapema kuliko siku yenyewe. Mjomba mwombeeni safari njema, picha atatumiwa.

Sasa hii nyingine.

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni msichana wa miaka 29, natokea Machame. Ni karani wa chama chetu cha ushirika; msimu wa kahawa ukifika napima na kuandika kilo za watu. Kwetu tumezaliwa wanne, wa kike wawili. Dada yangu amenizidi miaka minne.*

*Nikueleze dada yangu ni mtu wa namna gani. Shule ya msingi aliongoza darasa tangu la kwanza hadi la saba. Kidato cha nne akapata daraja la kwanza. Sauti aliyopewa na Mungu, akianza ubeti peke yake kina mama wanatafuta leso. Sasa ni daktari, yuko Mwanza. Mimi nilipita shule zile zile, nikafundishwa na walimu wale wale, na kila mwalimu akinirudishia daftari alikuwa anauliza, "Hivi wewe na yule ni tumbo moja kweli?" Gauni langu la kipaimara lilikuwa lake. Mimi ni mrefu kumliko, kwa hiyo mama alifumua upindo, na ule mstari wa upindo wa zamani ukabaki, wa rangi ya chai. Kwenye picha iliyoko ukutani sebuleni unaonekana. Pembeni yake kuna picha ya dada ya mahafali ya chuo kikuu, kubwa mara mbili. Njiani watu hawaniiti jina. Naitwa "mdogo wake daktari". Hata kabla hajawa daktari nilikuwa mdogo wake, tena mdogo wake tu, bila neno jingine.*

*Kuna kijana mmoja, nimwite Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake. Ni mtu wa Singida, anafundisha fizikia sekondari ya huku. Alikuja 2015 akaingia kwaya, anaimba sauti ya nne, mimi sauti ya pili. Urafiki wetu ulianzia njiani: tukitoka mazoezini Jumatano usiku tunaelekea upande mmoja, na yeye ana tochi. Mwaka 2016 aliniomba nimpelekee dada barua. Nikampelekea. Dada aliisoma, akaikunja, akasema, "Mwambie nimeshukuru." Basi. Nikamwambia. Alinyamaza mpaka tulipofika darajani, halafu akaniuliza kama nimekula.*

*Mwaka 2018 dada akahamia Mwanza. Sisi tukaendelea. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki. Baba alipolazwa, ndiye aliyelala naye wodini siku mbili ili mimi na mama tupumzike. Hunitania kwamba kwaya nzima inaimba, ila mimi peke yangu ndiye najua nani hajaja na kwa nini. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, kila nikileta mkungu wa mshare yeye ndiye hununua, maana anapenda sana ndizi. Sikuwahi kumfikiria vingine. Au niseme nilijikataza.*

*Mwezi uliopita upepo uliangusha mgomba wetu kabla ndizi hazijakomaa. Nikapeleka hivyo hivyo, kamkungu kadogo ka aibu. Mnadishaji akaanza elfu tatu. Mzee mmoja akasema elfu nne. Mwalimu akasema elfu ishirini. Watu wakaangua kicheko. Jumatano yake, tukitoka mazoezini, akaniambia angependa kuwaleta wazee wake kutoka Singida waje kwetu. Shangazi, badala ya kufurahi nilimwambia, "Kwa dada ulishindwa, ndiyo umeona uokote kilichobaki?" Hakujibu. Akanishika mkono, akaniwekea tochi, akageuka akarudi tulikotoka, gizani. Ni wiki tatu sasa. Mazoezini anakuja, anakaa nyuma, salamu anatoa. Tochi bado ninayo.*

*Mama nilipomwambia alisema, "Si ndiye yule aliyemtaka dada yako? Haya, angalau hajatoka nyumbani." Mama mmoja wa kwaya anasema Biblia imekataza, nisome Walawi 18:18. Mwenzangu mwingine ananiita Lea. Sijui nifanye nini. Naogopa nitakuwa wa pili moyoni mwake maisha yangu yote. — Sauti ya Pili, Machame*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza jikoni, nikaunguza maharage. Mara ya pili nilikaa nje, nikaanza kukucheka, unisamehe. Nitakwambia baadaye nilichocheka.

Niondoe kwanza yaliyo mepesi. Huyo mama wa kwaya akufungulie Walawi 18:18 yote, asikutajie namba tu. Mstari ule unamkataza mume kumwoa dada wa mkewe, mkewe akiwa hai, akamfanya mtesi wake. Hapo anayesemwa ni mke. Dada yako alipokea barua moja, akaikunja, akashukuru. Kama kukunja barua ni ndoa, nusu ya wazee wa kanisa ninaowajua wana wake watano. Na kama moyo unakusumbua, mweleze mchungaji wako yote kabla wazee hawajatoka Singida, atakuambia kama hakuna kizuizi.

La Lea nalo tuliache hapa hapa. Nalichukia tangu nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili, kwa jinsi watu wanavyolibandika kwa kila msichana ambaye dada yake ana uso mzuri. Lea aliingizwa na baba yake usiku kwa Yakobo, kwa hila, mahali pa mdogo wake Raheli, na Yakobo akamjua asubuhi. Wewe nani amekuingiza? Mwalimu amekuona mchana kweupe, baada ya ibada, mbele ya usharika mzima, na mkungu wa aibu mkononi, akataja elfu ishirini. Hajakosea mlango.

Sasa nilichocheka. Umeandika, tena kwa kupita tu, kwamba hununua ndizi zako "maana anapenda sana ndizi". Mwanangu! Mtu wa Singida, aliyekulia ugali, anaishi peke yake. Mkungu mzima wa mshare anaufanyia nini? Mshare ni ndizi ya mtori, inataka nyama, inataka muda, inataka mtu wa kuiponda. Umewahi kumkuta anapika mtori? Umewahi kumwona anakula hata mmoja? Wewe ni karani, hesabu ndiyo kazi yako: piga mikungu aliyonunua tangu 2018, gawa kwa tumbo moja la mwanaume asiye na jiko la maana. Hesabu hiyo haikubali.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi niliwahi kushindwa hesabu nyepesi kama hiyo.

Nimezaliwa huku milimani Usambara. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na kwa kuwa uinjilisti wa siku zile haukununua sukari, alikuwa pia seremala. Dada yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mzuri kiasi kwamba akienda kuchota maji hurudi mikono mitupu, ndoo imebebwa na kijana wa watu. Yangu niliibeba mwenyewe. Siku hizo kulikuwa na kijana fundi, mpole, aliyekuwa akija kwetu mara mbili kwa wiki kuazima nyundo. Nikisikia hodi nafungua mlango, na kabla hajasema lolote nasema, "Dada hayupo." Yeye anasema, "Nimekuja nyundo." Nampa. Kesho yake anarudisha. Keshokutwa yuko mlangoni tena. Miaka miwili, mwanangu. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nyundo ni kisingizio, na kweli ilikuwa kisingizio, ila nilikosea cha nani.

Ikafika siku nikafungua mlango, nikasema yangu ya kila siku, "Dada hayupo." Akasema, "Najua. Nimepishana naye njiani, ndiyo maana nimekuja."

Unajua nilimjibu nini? Nilimletea nyundo.

Tulioana mwaka uliofuata. Wiki ya kwanza nyumbani kwake nilifungua sanduku la vifaa nikakuta nyundo tatu, zote nzuri kuliko ya baba. Nilipomuuliza akasema, "Ningeazima nini kingine? Randa ya baba yako ilikuwa butu."

Kwa hiyo nikikwambia kwamba nakujua, sikutii moyo tu. Mimi nilikuwa mwepesi wa kumtangulizia mtu jina la dada yangu kabla hajafungua kinywa. Na wewe ndivyo ulivyo. Angalia barua yako mwenyewe. Umeanza na dada, shule za dada, sauti ya dada, gauni la dada, picha ya dada; kijana wa watu amesubiri chini huko mpaka ulipomaliza. Tena angalia hili: tangu pale darajani mwaka 2016, barua yako haina hata sehemu moja ambapo Mwalimu anamtaja dada yako. Hakuna "dada yako hajambo?", hakuna "ungekuwa kama dada yako". Aliuliza kama umekula. Aliyemrudisha dada njiani Jumatano ile, kutoka Mwanza hadi Machame bila nauli, ni wewe.

Usidhani nasema kivuli hakipo. Kipo. Mtoto anayeitwa "mdogo wake fulani" miaka ishirini na tisa hajatunga maneno hayo, ameitwa. Kanisani tunapenda kuhubiri habari za Petro, na kila mara nikifika Yohana sura ya kwanza nasimama kwa yule mwingine. Wanafunzi wawili wamemfuata Yesu, wamekaa naye siku ile, yapata saa kumi. Mmoja wao anaitwaje? "Andrea, nduguye Simoni Petro." Hebu fikiri: saa hiyo Simoni hajafika! Hajamwona Yesu, hata hilo jina la Petro hajapewa. Andrea ametangulia, amekuja kwa miguu yake, na bado anatambulishwa kwa kaka ambaye yuko mahali pengine na shughuli zake. Ni yeye ndiye anayekwenda kumtafuta na kumleta. Baadaye Petro anapanda mlimani na wana wa Zebedayo, Petro anaingia nyumbani kwa Yairo, na Andrea amebaki huko nje na wengine. Sura ya sita, watu elfu tano wana njaa, Andrea anazungumza, na Yohana anarudia tena, kana kwamba tumesahau: "Andrea, nduguye Simoni Petro."

Lakini sikia anasema nini. Anasema hapa kuna mtoto ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mimi hujiuliza: alijuaje? Katika umati ule, nani anajua kilichomo mkobani mwa mtoto wa mtu? Anayejua ni yule ambaye umati haujamzunguka yeye. Mwenye nafasi ya kutazama, kuuliza jina, kuuliza kama amekula. Na Mwalimu wako alikwambia kitu kinachofanana na hicho kwa mdomo wake, ukakiita utani: kwaya nzima inaimba, wewe peke yako ndiye unayejua nani hajaja na kwa nini. Utani gani huo? Mwanaume wa fizikia hana maneno ya kwenye kadi za maua. Hilo ndilo lilikuwa shairi lake, na umelihifadhi miaka yote hiyo mpaka ukaniandikia mimi neno kwa neno.

Hofu yako ya kuwa wa pili moyoni mwake siipuuzi. Nitasema wazi, na huenda hutapenda. Mwaka 2016 kijana alimpenda dada yako, au alipenda ubeti wake wa peke yake. Akiwa na miaka ya ishirini mtu hajui tofauti. Usimlazimishe leo aseme hakuwahi. Ukimbana, atasema, kwa kuwa anataka kukuridhisha, na wewe utajua kwamba amekudanganya, na hapo ndipo kidonda kitakapoanza kweli. Mwache awe na barua yake moja iliyokunjwa. Ningekuwa na wasiwasi kama dada yako angeondoka na yeye akapunguza kuja. Dada ameondoka 2018. Tangu hapo ni wewe, njia, na tochi. Hakuna anayemsindikiza mtu Jumatano baada ya Jumatano kwa ajili ya dada mtu aliye Mwanza, na hakuna anayelala wodini na mzee wa watu kwa sababu hiyo.

Wewe unapima kahawa. Mkulima akileta gunia lake hulipandishi mizani pamoja na la jirani yake ukaandika kilo zilizopungua. Kila gunia linapanda peke yake, unasoma namba, unaandika. Msimu mzima unawafanyia watu haki hiyo, ila wewe mwenyewe unapanda mizani na dada yako mgongoni.

Na ule mstari wa rangi ya chai kwenye gauni. Nimeshona sare za kwaya miaka mingi, najua upindo hufumuliwa lini. Mama yako aliufumua kwa sababu gauni lilikuwa fupi. Sitaki kuongeza neno hapo, katazame tu ile picha tena.

Kuhusu mama. "Angalau hajatoka nyumbani" ni neno baya, na mama hakujua kwamba ni baya. Wazazi wenye mtoto mmoja anayeng'aa hupata ugonjwa wa macho. Usimjibu kwa hasira, lakini usinyamaze. Siku mnamenya ndizi, mikono ikiwa na utomvu na hakuna wa kukimbia, mwambie: "Mama, Mwalimu hakuja kwa dada. Kama wazee wake watakuja, watakuja wakiulizia jina langu, na ningependa uwajibu kwa jina langu." Litaje jina lako. Mama atashtuka. Mwache ashtuke.

Dada yako mpigie simu wewe, asisikie kwa kina mama wa kwaya. Huendi kuomba ruhusa. Unampa habari kama ndugu. Ruhusa ukiomba, umeshamkabidhi jambo lako na kumrudisha kati. Mwambie tu, kisha msikilize. Naye huenda ana lake. Ile picha kubwa hakuitundika yeye. Wapo kina dada wakubwa wanaoniandikia wakiwa wamechoka kuwa mfano, hawawezi kukosea hata kuunguza wali bila ukoo mzima kushangaa. Sisemi wako ni mmoja wao, sijui. Lakini umemtazama ukutani muda mrefu kuliko ulivyoongea naye.

Sasa Mwalimu. Kabla ya yote jiulize kama unamtaka. Mkristo halazimiki kuolewa na kila mtu mwema aliyelala na baba yake wodini. Shukrani siyo ndoa, na kama moyo wako ni wa kaka na dada, mwambie hivyo kwa upole, umwache apone. Ila mimi sidhani. Umeandika, "niseme nilijikataza." Mtu hajikatazi asichokitamani. Sikuwahi kujikataza kula majani ya mchaichai.

Kama unamtaka, una deni la kulipa kwanza. "Kuokota kilichobaki" ni tusi, na umemtukana mara mbili: yeye umemfanya muokotaji, na wewe umejifanya takataka, mbele ya mtu aliyekuwa ametoka kusema elfu ishirini. Nyie watu wa Kilimanjaro mna jani la sale. Wazee wenu walilibeba kwenda kuombea msamaha, na mtu akiletewa sale ilikuwa vigumu kukataa. Sikuagizi ubebe jani. Tayari una kitu mkononi.

Jumatano hii nenda dukani, nunua betri mpya. Ziweke kwenye ile tochi. Mazoezi yakiisha usimsubiri mlangoni kama mwenye nyumba anayedai kodi, nenda kule nyuma anakokaa, mpe tochi, useme, "Niliongea vibaya. Nisindikize." Maneno hayo tu yanatosha kwa usiku mmoja. Njiani usimtaje dada yako. Hilo ndilo sharti langu pekee: kutoka kanisani mpaka darajani, jina la dada yako lisitoke kinywani mwako hata kwa kusifu. Utaona jinsi njia ilivyo ndefu, utatafuta cha kusema na utakosa, na hapo katikati atapata nafasi ya kusema yeye.

Mkifika darajani, muulize kama amekula. Kisha muulize zile ndizi zote alikuwa anazipeleka wapi. Hilo la mwisho nalitaka mimi. Ukijua, niandikie.